Chanda chema huvikwa pete, ila lazima mtu akione kwanza

Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, daktari Alfred Blalock alimfanyia upasuaji mtoto mdogo aliyezaliwa na kasoro ya moyo. Nyuma yake, juu ya kistuli, alisimama Vivien Thomas akimwelekeza, kwa sababu ni Thomas aliyekuwa ameufanyia upasuaji huo majaribio kwa mbwa maabarani. Thomas alikuwa fundi wa maabara, Mmarekani mweusi asiye na shahada, na alipoanza kufanya kazi na Blalock mwaka 1930 katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt alilipwa kwa cheo cha mfanya usafi. Makala iliyotangaza upasuaji huo mwaka 1945 ilibeba majina ya Blalock na daktari mwenzake, Helen Taussig. Jina la Thomas halikuwamo. Johns Hopkins ilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1976, miaka 32 baada ya siku ile ya kistuli.

Naanza na Thomas kwa kuwa kisa chake kinaonyesha mahali tuzo za wafanyakazi vyuoni zinapoharibikia. Ubaguzi wa rangi ulichangia pakubwa kumficha, hilo halina ubishi. Lakini hata pale ambapo hakuna anayekusudia kumficha mtu, utaratibu wenyewe huficha. Kamati ya tuzo haioni kazi, inaona fomu. Kwa hiyo tuzo humwendea aliyeandikiwa vizuri, na aliyeandikiwa vizuri mara nyingi ni yule ambaye mkuu wake ana nafasi, ana kalamu nzuri, na amewahi kukaa kwenye kamati kama hiyo. Karibu kila ninaloshauri hapa linalenga kuziba pengo lililopo kati ya kazi na karatasi.

Amueni mnatambua nini

Tangazo linaloomba majina ya "wafanyakazi waliofanya vizuri" huleta barua za kusifu tabia. Tenganisheni mambo mawili tangu mwanzo: jambo kubwa lililofanyika ndani ya mwaka mmoja, na mchango wa muda mrefu. Mtu aliyehamisha kumbukumbu zote za wanafunzi kwenye mfumo mpya bila faili hata moja kupotea hawezi kulinganishwa kwa haki na mtu aliyelea wanafunzi wa uzamili kwa miaka 20. Kila mmoja ana haki ya kushindanishwa na wa aina yake.

Makundi matano au sita yanatosha: ufundishaji, utafiti, huduma kwa wanafunzi, ufundi na maabara, uendeshaji, na kazi ya timu. Yagaweni kwa aina ya kazi, si kwa ngazi ya mshahara. Profesa na fundi umeme wakiwekwa kundi moja, profesa atashinda mwaka baada ya mwaka, maana kazi yake huacha machapisho na ya fundi huacha taa zinazowaka. Wekeni pia kanuni kwamba kundi linaweza kukosa mshindi. Bila kanuni hiyo, kundi lililopata mapendekezo mawili dhaifu litatoa tuzo dhaifu, na wafanyakazi wataiona.

Sifa za kustahili ziandikwe kwa ukali wa kisheria, kwa kuwa malalamiko mengi huzaliwa hapo. Je, wa mkataba wanaruhusiwa? Wanaofundisha kwa saa? Walinzi na wafanya usafi walioajiriwa na kampuni ya nje lakini wanaofanya kazi chuoni kila siku? Mimi ningewaruhusu wote waliotumikia angalau miezi 12. Aliyekuwa likizo ya uzazi au ya ugonjwa apimwe kwa miezi aliyokuwa kazini, wala pengo lisihesabiwe kuwa upungufu. Aliyeshinda asirudi kwenye kundi lilelile kabla ya miaka mitatu kupita.

Na kuna jambo ambalo wakuu wa idara huhitaji kuambiwa waziwazi: tuzo si kifuta machozi cha kupandishwa cheo kulikocheleweshwa, wala si malipo ya saa za ziada ambazo chuo hakikulipa. Mtu anayedai haki yake akipewa ngao, ngao ile humchoma kila anapoitazama.

Fomu ndiyo tuzo yenyewe

Hapa ndipo ningetumia nguvu nyingi kuliko pengine popote. Fomu yenye nafasi moja kubwa iliyoandikwa "Eleza kwa nini mtu huyu anastahili" humpa ushindi mwandishi hodari. Fomu nzuri ina maswali manne, kila moja likiwa na kikomo chake cha maneno. Alifanya nini hasa? (150) Nani alinufaika, na tunajuaje? (150) Hilo linazidije majukumu yake ya kawaida? (100) Kazi hiyo ingekwama wapi kama asingekuwepo? (100) Jumla maneno 500, pamoja na viambatisho visivyozidi kurasa mbili. Kikomo kinamlinda fundi ambaye msimamizi wake ni mtu wa maneno machache. Bila hicho, barua ya kurasa sita itakutana na aya moja, na waamuzi wataamini kwamba urefu ni uzito.

Juu ya fomu wekeni mfano wa sentensi dhaifu na sentensi imara. Tuseme mtu ameandika: "Ni mchapakazi, anajituma na ana ushirikiano mzuri na wenzake." Sentensi hiyo ingemfaa mtu yeyote, kwa hiyo haimfai huyu. Sasa tuseme ameandika: "Alipanga upya ratiba ya kuazima darubini. Kabla ya hapo mwanafunzi alisubiri siku 9, sasa anasubiri 2, na ratiba hiyo imeanza kutumiwa na maabara nyingine mbili." Waamuzi wanaweza kuuliza, kuhakiki, na kulinganisha.

Jambo hili lina uzito mwingine. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kuwapendekeza madaktari kwa nafasi katika kitivo kimoja cha tiba nchini Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, na zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kutia shaka. Za wanaume zilitaja zaidi utafiti na ujuzi. Maswali mahususi hayaondoi upendeleo huo, lakini hulazimisha kila pendekezo litaje kazi, na mwandishi hupata nafasi finyu ya kujaza kurasa kwa "mpole" na "msaidizi".

Ombeni watu wawili wa kuunga mkono, na mmoja wao atoke nje ya idara, hasa mtu aliyenufaika na kazi yenyewe. Msimamizi anajua mtu alipangiwa nini, mnufaika anajua kilichofika. Pia ruhusuni pendekezo la mdomo: mtu aje ofisi ya rasilimali watu au apige simu, aulizwe maswali yale manne, karani aandike, amsomee, athibitishe. Chuo kinachodai fomu ya mtandaoni peke yake kimewafungia mlango wafanyakazi wasioketi mbele ya kompyuta, nao ndio wanaojua nani huja usiku maji yakikatika bwenini.

Katikati ya muda, hesabuni

Dirisha la mapendekezo liwe wiki sita, lisiangukie kipindi cha kusahihisha mitihani. Wiki ya tatu ikiisha, katibu wa kamati atengeneze jedwali la mapendekezo kwa kila idara na kitengo. Sehemu kubwa ya fomu huja siku za mwisho, kwa hiyo msishtuke na uchache. Tafuteni sifuri. Ukimya wa kitengo hauna maana kwamba hakuna anayestahili. Kwa kawaida maana yake ni kwamba mkuu wake ana kazi nyingi, au anaogopa kuonekana anapendelea, au watu wake wameshaamini kwamba tuzo ni za wengine.

Mpigieni simu mkuu wa kitengo hicho. Ukimuuliza "Nani bora kwenu?" atajibu kwamba wote ni wazuri. Muulize hivi: "Nani akienda likizo wiki mbili, simu huanza kumfuata huko aliko?" Utapata jina palepale. Ila usiishie hapo, kwa kuwa swali hilo linaweza kukuletea mtu anayeng'ang'ania maarifa ili asikosekane. Ongeza la pili: "Nani amewafundisha wenzake mpaka kazi haisimami asipokuwepo?" Hawa wa pili ndio wanaosahaulika zaidi, kwa sababu mafanikio yao ni kutoonekana. Hakuna kilichovunjika, hakuna aliyelalamika, na kwa hiyo hakuna aliyeandika.

Mnapotafuta majina, pitieni pia maktaba, ofisi ya msajili, karakana, huduma ya ushauri nasaha, chumba cha seva, zamu za usiku. Hapo ndipo walipo akina Thomas wa leo.

Kamati na hesabu zake

Watu saba wanatosha, na katibu asiyepiga kura. Angalau watatu watoke kwa wafanyakazi waendeshaji na mafundi, mmoja awe mshindi wa miaka iliyopita, mmoja awe mwanafunzi. Kamati ya wakuu wa vitivo watupu huchagua watu wanaojulikana na wakuu wa vitivo.

Mgongano wa maslahi uelezwe kwa mifano: ndugu, mwenza, msimamizi wa moja kwa moja, mtu mliyechapisha naye ndani ya miaka mitatu, mtu mwenye kesi na wewe. Mwenye mgongano hatoi alama kwa pendekezo hilo, na linapojadiliwa anatoka chumbani. Kukaa kimya akiwa amekaa palepale hakutoshi, maana wenzake wataupima mjadala kwa uso wake. Katibu aandike kwenye muhtasari wa kikao saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Kabla ya kusoma mapendekezo halisi, wote wapewe sampuli mbili zilezile, kila mmoja atoe alama peke yake, kisha wajadili tofauti zao. Nusu saa hiyo huokoa ugomvi wa saa tatu baadaye. Alama zenyewe mnaweza kuzigawa hivi: athari ya kazi 40, kuvuka majukumu ya kawaida 25, kudumu kwa mchango 20, ubora wa ushahidi 15. Kisha someni swali kwa swali: majibu ya swali la kwanza ya watu wote, halafu la pili ya watu wote. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920 kwamba mtu akimkubali mwenzake kwa sifa moja, sifa hiyo humwagikia zingine zote. Kusoma kwa namna hii hupunguza mmwagiko huo.

Alama zitumwe kwa katibu saa 48 kabla ya kikao. Mwenyekiti au mtu mwenye sauti nzito akisema kwanza, wengine hurekebisha kalamu zao bila kujua.

Sasa kosa la hesabu ambalo kamati nyingi hulifanya: kujumlisha alama ghafi. Chukua wapendekezwa watatu na waamuzi watatu. Mwamuzi wa kwanza hutawanya alama: anampa A 90, B 60, C 40. Wa pili na wa tatu hubana alama: wa pili anatoa A 70, B 78, C 75, wa tatu A 71, B 79, C 74. Ukijumlisha, A ana 231, B 217, C 189. A ameshinda, ingawa waamuzi wawili kati ya watatu wamemweka mwisho. Mtu mmoja ameamua peke yake, tena bila hila yoyote, kwa sababu tu mkono wake ni mpana. Badili alama ziwe nafasi, yaani 1, 2, 3, kisha jumlisha: A anapata 7, B anapata 4, C anapata 7. Mwenye jumla ndogo ni B, na ndiye ambaye kamati kwa ujumla imemkubali. Njia hii ya nafasi si ngeni. Mfaransa Jean-Charles de Borda aliipendekeza kwa ajili ya uchaguzi tangu karne ya 18. Ina udhaifu wake pia: huficha ukubwa wa tofauti. Kwa hiyo itumieni kupata watatu wa juu wa kila kundi, halafu mjadili hao kwa sauti, fomu zikiwa mezani.

Kwenye tuzo ya ufundishaji, kuweni waangalifu na tathmini za wanafunzi. Utafiti wa Lillian MacNell na wenzake wa mwaka 2015 ulitumia kozi ya mtandaoni ambapo wakufunzi walibadilishana utambulisho wa jinsia. Jina lilipoonekana la kiume, mkufunzi alipata alama za juu zaidi, yeyote aliyekuwa nyuma yake. Wastani wa 4.6 kutoka kwa wanafunzi 5 kati ya 60 haukuelezi chochote. Ombeni idadi ya waliojibu, na ushahidi mwingine: mpango wa somo uliobadilishwa, mifano ya maoni anayowaandikia wanafunzi, barua ya mwalimu mwenzake aliyeketi darasani.

Hakikini kabla ya kutangaza

Wekeni wiki mbili za uhakiki, msiziuze hata ratiba ikibana. Katibu ampigie mnufaika aliyetajwa, aulize takwimu kuu ilitoka wapi, athibitishe na rasilimali watu kwamba hakuna shauri la nidhamu linaloendelea. Kanuni ziseme mapema nini kitafanyika shauri likijitokeza baada ya tangazo. Kuitunga kanuni hiyo wakati jina tayari lipo mezani ni kumhukumu mtu.

Tuzo ya timu ndiyo inayoumiza wengi. Kosa la kila mara ni kuacha jina la mtu aliyehama idara, aliyemaliza mkataba, au aliyefanya kazi usiku. Mwombeni mpendekezaji aorodheshe kila mtu na sentensi moja ya alichofanya, kisha orodha hiyo ipelekwe kwa watu watatu wa timu, kila mmoja peke yake, kwa swali moja: nani hayumo? Kwa miradi ya utafiti, mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, ambao majarida mengi huutumia kueleza mchango wa kila mwandishi, ni kipimo kizuri. Utawafanya muwakumbuke watunza data na watengeneza vifaa. Na kila mwanatimu apate cheti chenye jina lake. Ngao moja ya timu huishia kwenye kabati la mkuu.

Mnachotoa

Fedha taslimu zipitie ofisi ya mishahara kabla ya kutangazwa, maana katika nchi nyingi hutozwa kodi kama kipato cha kazi. Amueni kama kiasi kinachotajwa ni kabla au baada ya kodi, na mkitaje hivyo. Mshindi akitangaziwa kiasi kimoja ukumbini na kuona kingine benki, furaha yote imeisha. Ruzuku ya mafunzo au ya kuhudhuria mkutano ni nzuri, mradi iwe na tarehe ya mwisho inayotosha, miezi 18 hivi, na mkuu wa kitengo aahidi kwa maandishi kumpa ruhusa ya kuondoka.

Chenye maisha marefu kuliko vyote ni barua kwenye jalada lake la utumishi. Iseme alifanya nini, kwa mambo mahususi, maana miaka mitano mbele kamati ya kupandisha vyeo itaisoma bila kumjua. "Alipata tuzo" ni nusu mstari. Maelezo ya kazi ni hoja.

Msigeuze utambuzi kuwa pointi za kila siku. Jaribio la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett la mwaka 1973 lilionyesha kwamba watoto waliopenda kuchora, wakiahidiwa zawadi kwa kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa zawadi bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Mfanyakazi si mtoto, lakini kazi anayoipenda mtu inaweza kufishwa kwa njia hiyohiyo, na chuo huendeshwa na watu wengi wanaopenda kazi zao.

Jina na cheo vithibitishwe kwa maandishi na mshindi mwenyewe kabla ya kuchongwa kwenye ngao. Muulizeni pia kama anaridhia kusimamishwa mbele ya watu. Wapo wanaoithamini barua na kuliogopa jukwaa. Maelezo ya kusomwa ukumbini yasizidi maneno 80 kwa mtu, na yatoke kwenye fomu, kwa kitendo: darubini, siku 9, siku 2. Msomaji afanye mazoezi ya kutamka majina siku moja kabla.

Wasioshinda

Kila aliyependekezwa apate barua ndani ya wiki moja baada ya uamuzi, kabla ya sherehe, ikiambatana na maneno aliyoandikiwa, kwa idhini ya mwandishi. Wapo watakaosoma kwa mara ya kwanza kwamba mwenzao aliona. Ningekuwa na bajeti ya kitu kimoja tu katika mpango mzima, ningechagua barua hizi. Mpendekezaji naye aambiwe sentensi mbili za ukweli: pendekezo lilikosa nini, na kwamba linaweza kuletwa tena mwakani likiwa na taarifa mpya.

Katibu atunze rejista ya kila mwaka: waliopendekezwa na walioshinda, kwa kitengo, ngazi, jinsia na aina ya mkataba. Baada ya miaka mitatu ipangwe upya ili vitengo visivyowahi kutoa jina hata moja vije juu. Dirisha linalofuata likifunguliwa, wajumbe wawili wa kamati waende huko wakiwa na fomu tupu na kalamu, wakati wa mabadiliko ya zamu, waketi na watu, wawaulize maswali manne.